Vichupa Vinane

Darasa la mwaka wa tatu katika chuo kile cha uuguzi lilikuwa na madirisha upande mmoja tu, na upande wenyewe ulitazama ukuta. Humo, Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, wanafunzi arobaini na wawili waligawiwa karatasi zilizokunjwa katikati. Kipindi kiliitwa Kujitambua. Hakikuwa na mtihani wala alama, na kwa sababu hiyo wengi walikihesabu kuwa ni usingizi wa halali.

Siku hiyo usingizi uliwaruka. Karatasi ilikuwa na maswali sita. Matano ya mwanzo yalikuwa laini kama pamba: unaamka saa ngapi, unajisomea vipi, nani hukutia moyo. La sita ndilo lililokuwa na meno. Lilisomeka hivi: Taja jambo moja la kazi hii usiloliweza, ambalo hungependa mkufunzi wako alijue.

"Mwalimu," akadakia kijana mmoja wa kiti cha nyuma, "mimi siwezi kuamka asubuhi. Niandike, au umeshajua?"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, naye akacheka. "Wewe andika jingine. Hilo hata mlinzi wa getini analijua." Kisha akawatazama mmoja mmoja. "Jamani, sikilizeni. Karatasi hizi nitazisoma mimi peke yangu. Sitafuti wa kumfukuza. Mna wiki sita kabla ya kwenda wodini, na wiki sita zinatosha kurekebisha mengi, mradi niyajue. Nileteeni Jumatatu."

Bingwa hakucheka. Alilisoma swali lile mara tatu, na kila mara machale yakamcheza.

Bingwa halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipewa na darasa mwaka wa kwanza, alipoitaja mifupa yote ya mkono bila kumeza mate. Tangu hapo hakuna aliyemshinda kwa kukumbuka. Ukimtajia dawa, angekutajia kazi yake, madhara yake na mahali pa kuihifadhi kabla hujafunga mdomo. Wenzake walimwonea fahari, na baadhi walimwonea kijicho, naye alilivaa jina hilo kama mtu avaavyo nguo mpya, akiogopa hata kuketi lisije likachafuka.

Ila chini ya nguo hiyo palikuwa na kidonda. Bingwa hakujua hesabu za desimali. Si kwamba alizisahau, hakuwahi kuzijua. Walipofundishwa shule ya msingi alikuwa mgonjwa mwezi mzima, na aliporudi aliona haya kuuliza. Haya ya mwezi mmoja ikawa ya miaka. Akionyeshwa saba nukta tano aliiona nukta kama vumbi lililoangukia karatasi. Hakujua ihamie wapi wala ibaki wapi. Chuoni alikuwa ameikwepa kwa ujanja. Maswali ya dozi katika mitihani yalijirudia mwaka hadi mwaka kwa tarakimu zilezile, naye alikariri majibu kama shairi. Katika mazoezi ya darasani, simu yake ilikuwa mapajani ikimfanyia hesabu.

Jumamosi alimkuta shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, akipiga pasi sebuleni. Akamsimulia habari ya fomu.

"Wanataka kujua usiloliweza?" Shangazi akaisimamisha pasi. "Ili wakufanye nini?"

"Mkufunzi anasema watusaidie."

"Hata mimi niliambiwa hivyohivyo, mwanangu. Nilikuwa napokea simu ofisini miaka kumi na moja. Siku moja bosi kaja na maneno matamu, ooh, sisi ni familia, kila mtu aseme shida yake. Mimi na ujinga wangu nikasema sikio la kushoto limepungua kidogo. Kidogo tu! Mwezi haukuisha, kiti changu kikakaliwa na binti mwenye masikio mawili." Akaichukua tena pasi na kuigandamiza kwenye ukosi wa shati kana kwamba shingo ya bosi ilikuwamo. "Binadamu ukimpa kamba hakufungii mbuzi. Anakufunga wewe."

"Sasa niandike nini, Shangazi?"

"Andika kitu cha kuwafurahisha. Una kichwa wewe, hukosi."

Jumatatu Bingwa alikabidhi karatasi yake. Kwenye swali la sita alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa kuvutia: Udhaifu wangu ni kujituma kupita kiasi, hata nikasahau kupumzika.

Tangu siku hiyo alimfuatilia Mkufunzi kama paka afuataye harufu ya samaki. Alimwona akipita na bahasha ya karatasi zile kwapani, akajiuliza inakwenda kwa nani. Alimwona akizungumza na mkuu wa chuo mlangoni, wote wawili wakatazama upande wa darasa, akajua anasemwa yeye. Kumbe walikuwa wakitazama bomba la maji lililopasuka, ila hilo Bingwa hakutaka kuliamini. Alisema moyoni: bomba gani hilo linalohitaji watu wawili wenye shahada?

Wiki iliyofuata mambo yakaanza kuonekana. Saa kumi kila siku wanafunzi wachache walikuwa wakibaki chumba cha mazoezi. Bingwa alichungulia kupitia upenyo wa mlango. Akamwona Tetemeko, jirani yake wa dawati, ambaye vidole vyake vilicheza kila aliposhika sindano, hata jina lake likatokana na hapo. Tetemeko alikuwa akidunga mkono wa mpira, anachomoa, anadunga tena, na Mkufunzi ameketi pembeni akimhesabia pumzi. Wote wawili walikuwa wakicheka.

"Wacheke," Bingwa akajisemea. "Ameshajianika. Orodha ya wodi ikitoka ndipo tutakapojua nani kanasa."

Kesho yake Tetemeko alimsogelea wakati wa chai. "Shoga, mbona hubaki saa kumi? Tunafaidi kweli. Ona," akanyoosha mkono, na vidole vilitikisika kidogo tu. "Wiki mbili zilizopita ungedhani nimemeza mashine ya kusaga. Na kuna kundi la hesabu za dozi, wako wanane, wala hawaumi."

Kikombe cha Bingwa kikagota kwenye sahani. "Nani kakwambia mimi nina shida ya hesabu?"

"Hee! Nani kasema una shida? Nimekwambia liko tu."

"Umetumwa?"

Tetemeko akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyebisha hodi akamwagiwa maji. "Nitumwe na nani, Bingwa? Nimetumwa na chai." Akaondoka na kikombe chake. Alasiri hiyo Bingwa alihamisha vitabu vyake hadi dawati la mbele, mbali na jirani huyo. Aliona afadhali kukaa peke yake kuliko kukaa na masikio ya mtu.

Orodha ya wodi ilibandikwa Alhamisi ya wiki ya sita. Wanafunzi waliisonga kama nyuki. Tetemeko alipangiwa wodi ya wanaume. Wale wanane wa hesabu walitawanywa wodi za watu wazima, kila mmoja na muuguzi wa kumwangalia. Bingwa alipangiwa wodi ya watoto.

Wenzake walimpongeza. "Kule hupelekwa wakali tu," wakasema. Yeye alirudi kuisoma orodha mara ya pili. Wodi ya watoto! Mtu mzima hupewa vidonge viwili, yakaisha. Mtoto hupimiwa kila tone kwa uzito wake. Kwa nini wamweke huko? Wamegundua. Huu ni mtego.

Alikwenda ofisini kwa Mkufunzi akiwa hajui atasema nini. Mkufunzi alimkaribisha kiti, akalisukuma pembeni rundo la madaftari.

"Mwalimu, nimeona orodha."

"Vizuri. Wodi ya watoto nampeleka mtu ambaye hakuandika tatizo la hesabu wala la mikono. Wewe hukuandika lolote la kazi." Akamtazama Bingwa usoni. "Kuna la kuniambia? Hata sasa hujachelewa. Kubadilisha jina ni kufuta na kuandika tu."

Bingwa alikaribia kusema. Kisha akakumbuka kiti cha shangazi kilivyokaliwa na binti mwenye masikio mawili. Anauma na kupuliza huyu, akawaza. Anataka nijitie kitanzi kwa mkono wangu.

"Hakuna, mwalimu. Nashukuru kwa kuniamini."

"Haya," Mkufunzi akasema. Aliisema pole pole, kama mtu aliyetarajia neno jingine.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na vinane na kuta zilizochorwa wanyama waliofifia. Iliongozwa na Sista Mkuu, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye hatua zake hazikusikika hadi ameshasimama nyuma yako. Siku ya kwanza aliwaweka wanafunzi wake wawili mbele ya kabati la dawa.

"Mko kwangu wiki sita. Ripoti yangu ndiyo itakayosema kama mtakaa mtihani wa kuhitimu au hamkai. Simu zote zinabaki kwenye kabati la nje. Na sharti langu ni moja: hakuna dawa inayoingia mwilini mwa mtoto kabla hesabu yake haijahakikiwa na mtu wa pili. Hata mimi na nywele zangu hizi nyeupe, nahakikiwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista."

Kuhakikiwa. Neno hilo lilimchoma Bingwa kuliko sindano. Kwa siku tatu alijiokoa kwa maneno. Mwanafunzi mwenzake akichukua kalamu, Bingwa humwambia, "Wewe kokotoa, mimi nitahakiki," kisha huitazama karatasi kwa kichwa kilichoinama, anakunja uso, anasema, "Sawa kabisa." Kazi nyingine zote aliziweza vizuri. Watoto walimpenda, mama zao wakamwita "sista wetu". Sista Mkuu alipita mara mbili akamwangalia bila kusema kitu, na Bingwa akaona ukimya huo una masikio.

Siku ya nne mwenzake aliamka na homa, hakuja. Saa tano asubuhi Sista Mkuu alimkabidhi faili la kitanda cha tisa.

"Mtoto wa miezi minane. Daktari ameandika sindano. Kokotoa, chukua dawa stoo, ukimaliza niite nihakiki. Niko ofisini."

Bingwa akaketi kwenye meza ya wauguzi. Uzito wa mtoto: kilo nane. Dawa: miligramu saba nukta tano kwa kila kilo. Kila kichupa kina miligramu themanini. Alizidisha sabini na tano kwa nane, kama alivyoweza, akapata mia sita. Sasa ile nukta. Aliitazama. Aliiweka baada ya sifuri ya mwisho, akaifuta, akaiweka mwanzo, akaifuta, mwisho akaiacha kabisa. Mia sita. Mia sita kwa vichupa vya themanini themanini ni vichupa saba na nusu. Vinane, basi.

Angesimama hapo, atembee hatua kumi hadi ofisini, aseme "Sista, nihakiki." Karatasi ilikuwa mkononi. Lakini karatasi hiyo ilikuwa na mifuto mitano, na mifuto mitano husema kuliko kinywa. Mbona leo kanipa mimi, tena siku ambayo niko peke yangu? Mbona kaenda ofisini na kuacha mlango wazi? Ananipima. Nikienda na karatasi hii nimekwisha. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaandika oda ya vichupa vinane, akashika njia ya stoo.

Mtunza dawa, mzee mwembamba mwenye kalamu sikioni, aliisoma oda, akaisoma tena.

"Vichupa vinane? Kwani leo wodi ya watoto mmelaza tembo?"

"Vinane, mzee wangu."

"Vya mgonjwa mmoja?"

Huyu naye, Bingwa akawaza. Wote wamepangwa. "Mimi nimetumwa tu, mzee. Nipe nikafanye kazi."

Mzee akamtazama, akaingia ndani, akatoka na vichupa vinane kwenye sahani ya bati. Bingwa alipogeuka kuondoka, alimsikia nyuma yake akiinua mkono wa simu ya mezani. Akaongeza mwendo. Bora amalize kabla hawajamfikia kwa maswali.

Kando ya kitanda cha tisa alisimama mama mmoja kijana, kitambaa kikiwa kimefungwa kichwani kombo kwa uchovu. Mtoto alikuwa amelala, midomo imekauka, kifua kinapanda na kushuka. Bingwa alivuta dawa ya kichupa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Bomba dogo la sindano likajaa. Akachukua kubwa. Alipokuwa akikivuta cha tano, mama wa mtoto akauliza kwa sauti ya chini:

"Sista, yote hiyo ni yake?"

"Ndiyo, mama. Apone upesi."

"Mungu akuweke, mwanangu. Nilikuwa nimekata tamaa."

Bomba kubwa lilipojaa, Bingwa akashika mguu mdogo wa mtoto ili aanze na hilo. Ulikuwa na joto, na haukufika upana wa kiganja chake.

"Weka chini."

Sauti ilikuwa nyuma ya sikio lake. Sista Mkuu alikuwa amesimama hapo, anahema, miwani imepinda puani. Bila shaka alikuwa amekimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Weka bomba chini, mwanangu, taratibu. Hivyo. Nipe karatasi ya hesabu."

Bingwa alitoa karatasi mfukoni. Sista Mkuu aliisoma. Kisha akachukua kichupa kimoja tu kati ya vile vilivyobaki, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki," akasema kwa sauti iliyotaka kuwa ya kawaida ili mama wa mtoto asishtuke. "Hiki kimoja. Na bado tungekibakiza." Akaweka mkono begani kwa Bingwa. "Nenda ofisini kwangu uketi. Usiondoke."

Mtoto alipewa dawa yake na mtu mwingine. Alilia kidogo, kisha akatafuta ziwa.

Ofisini Bingwa alikaa saa nzima bila kugeuza shingo. Mkufunzi alipofika kutoka chuoni, Sista Mkuu alimwonyesha karatasi yenye mifuto, naye akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tangu lini hujui desimali?" akauliza.

"Tangu darasa la tano."

"Na ulipokuja ofisini kwangu?"

"Nilijua. Nilidhani mnanitega."

"Tukutege tupate nini?" Sauti ya Mkufunzi ilipanda kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. "Nani hula mwanafunzi? Wanane waliandika kwa mikono yao kwamba hesabu zinawashinda. Wote wanane leo wako wodini wanafanya kazi. Wewe wa tisa ningekupata wapi, wakati ulijificha nyuma ya jina la Bingwa?"

"Shangazi yangu aliwahi kusema ukweli, akafukuzwa."

"Na hao walimkosea," Sista Mkuu akasema. "Walimkosea sana. Ila mtoto wa kitanda cha tisa hakumkosea shangazi yako."

Hapo Bingwa akalia. Hakulia kwa hofu ya kufukuzwa. Alililia mguu ule, ambao kiganja chake bado kilikumbuka joto lake.

Ripoti iliandikwa. Hakufukuzwa, lakini hakuruhusiwa kukaa mtihani wa kuhitimu na wenzake. Angerudi nyuma mwaka mzima, na asingegusa dawa ya mgonjwa yeyote hadi afaulu hesabu za dozi mbele ya wakufunzi wawili. Shangazi alipopata habari alikuja juu kama moto wa kifuu. "Si nilikwambia? Wamekutenda!" Bingwa akamsikiliza hadi alipochoka.

"Shangazi, wewe walikutenda," akasema. "Mimi nimejitenda. Mzee wa stoo asingepiga simu, leo ningekuwa nimeua."

Shangazi akakaa. Siku hiyo hakusema tena neno juu ya binadamu.

Muhula mpya ulipoanza, Bingwa alitumwa kuanza upya hesabu, akaketi katikati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengine wakiwa wadogo kwake kwa miaka minne. Walishasikia sifa zake, wakaulizana kwa minong'ono: huyu si yule Bingwa, amefuata nini huku? Mwalimu wa hesabu, kijana mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliandika mfano ubaoni, akauliza kama waulizavyo walimu wote, bila kutarajia jibu:

"Nani hajaelewa?"

Bingwa alitazama kulia, akatazama kushoto. Kila uso aliouona ulikuwa unajifanya umeelewa, naye aliijua sura hiyo kama ajuavyo kiganja chake. Aliivaa miaka kumi. Mkono wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akaupandisha.

"Mimi sijaelewa, mwalimu. Sijui nukta inahamia wapi, na sijawahi kujua. Naomba unianzishie mwanzo kabisa."

Nyuma yake mtu alicheka, kisha mkono mwingine ukapanda, na mwingine. Mwalimu akafuta ubao wote.

Mwezi uliofuata Tetemeko na wenzake waliapishwa ukumbini, mmoja baada ya mwingine, na kubandikwa beji vifuani. Bingwa alisimama mlangoni, akawapigia makofi hadi viganja vikamuwasha. Wao walikuwa wamefunua vidonda vyao, vikatibiwa. Chake alikuwa amekifunika kwa sifa, hadi kikataka kumwua mtoto wa mtu. Beji hakuipata mwaka huo, wala hakuwa na wa kumlaumu, kwa maana mficha uchi hazai.